Sangara wa mama mkwe kwenye spika

Nichekeni sasa hivi, ili nikimaliza mniache nipumue.

Nilipoanza podikasti yangu hapa Nyakato, fundi wa kompyuta aliniambia, "Kaka, wewe bado mgeni, chukua programu nyepesi ya kuhariri." Mimi na ujuaji wangu nikachukua ile yenye vitufe vingi kama vya rubani wa ndege. Nilivijua viwili tu: kukata na kusevu.

Kipindi cha kwanza nilimhoji mama mkwe kule Kibara, jinsi anavyokausha sangara. Alipotoka kugeuza samaki, nikasahau kwamba bado narekodi, nikamnong'oneza mke wangu, "Mama anakaushaga sangara mpaka anakuwa soli ya kiatu. Yule wa Krismasi nilimpa mbwa, akakataa."

Nyumbani nikayakata maneno hayo, nikasevu kwa madaha, nikamtumia mama faili la sauti. Kumbe programu ile ilisevu kazi yangu humo ndani tu. Faili nililotuma lilikuwa lilelile la mwanzo, na mimi hata sikulisikiliza.

Jumapili tulipomtembelea tena, baada ya ibada mama aliwaalika nyumbani kwake akina mama wote wa kwaya, akaunganisha simu na spika. Mimi nilikaa mlangoni, mbali naye, kwa adabu ya mkwe.

"Msikilizeni mwanangu," akasema kwa fahari.

Wakasikiliza. Ikaja soli, akaja mbwa. Kwaya nzima ikanigeukia.

Mama aliingia jikoni, akarudi na sahani iliyofunikwa.

"Karibu sangara, baba. Mbwa tumemfunga."