Godoro, Masufuria na Sauti

Mpaka leo sijui ile sauti ilikuwa ya nani.

Nina studio ndogo ya kurekodi muziki mtaa wa Mwanga, nyuma ya mafundi cherehani. Tangu nihamie Kigoma, kwaya moja ya Buzebazeba ndiyo iliyonilisha. Kiongozi wao wa nyimbo alikuwa dada mmoja ambaye siku ya kwanza, alipokwisha kuondoka, nilihangaika na sauti yake mchana kutwa kwenye kompyuta. Niliongeza mwangwi huku, nikapunguza ukali kule, mpaka spika zikatoa sauti iliyonisisimua mwili. Nilifikaje pale, siwezi kueleza. Nikauhifadhi haraka ule mpangilio wa efekti usije ukanipotea, nikaupa jina la kwaya yao, na kila wimbo walioleta baada ya hapo nikawa naubonyeza huo huo.

Kisha dada akaolewa Kagunga, kule mpakani na Burundi. Kwaya ikamfanyia sherehe ya kumuaga, tukala, tukacheza. Miezi ikapita, akanipigia simu. Kwaya ya kanisa la mumewe ilitaka kurekodi, na yeye angetangulia kuja kuimba sehemu yake.

"Kaka, sauti yangu bado unayo?"

Nikamjibu ninayo. Nililiona swali dogo tu.

Sijui nani alipeleka habari. Kesho yake mwenyekiti wa kwaya ya Buzebazeba, mama mtu mzima, aliingia studio bila kubisha hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia unawapa watu wa Kagunga sauti yetu."

Nikamweleza kwamba ndani ya kompyuta hamna sauti ya mtu, ni vipimo tu. Akataka avione. Nikafungua orodha, na jina la kwaya yake likawa limekaa pale waziwazi.

"Kama si yetu, mbona umeandika jina letu?"

"Lakini mama, aliyeimba ni yeye."

"Tulimuaga vizuri. Tulimpa godoro, tukampa masufuria, tukampa na vitenge. Sauti hatukumpa."

Kisha akahamia Kiha, na Kiha changu ni cha kununulia dagaa. Nikabaki naitikia kwa kichwa bila kujua nimekubali nini.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba nilimwona ana haki. Dada naye ana haki. Na mimi niliyebonyeza vitufe, sina changu humo? Njia mbili zilimshinda fisi, seuze mimi mwenye tatu. Niliujaribu ule mpangilio kwenye sauti ya binti aliyeshika nafasi ya dada, akasikika kama anaimbia ndani ya pipa. Nikaujaribu kwenye sauti yangu, nikacheka, halafu nikakasirika.

Dada alipofika, nilikuwa nimeshaamua kwamba mpangilio ule haupati mtu. Nikamrekodi sauti tupu, bila efekti yoyote, nikajiona mwenye busara kweli. Akavaa hedifoni, akasikiliza ubeti mzima.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, dada."

"Mbona anakwaruza?"

Nikamwambia ndivyo anavyoimba tangu siku ya kwanza, na kwamba ile ya kwenye nyimbo za zamani niliitengeneza mimi. Nilijuta kabla sijamaliza kusema. Nyimbo zile alizisikia madukani, harusini, kwenye simu za watu, na miaka yote alijua anajisikia mwenyewe. Macho yakamjaa maji. Niliona aibu, nikamwonea na huruma, na sikujua kipi kilitangulia. Nikaupeleka mshale kwenye jina la kwaya ya Buzebazeba. Liwalo na liwe, mwenyekiti nitajibizana naye baadaye.

Akanizuia. Akairudisha rekodi mwanzo, akaisikiliza tena, safari hii amefumba macho. Nilimtazama nisijue kama anaagana na mtu au anamkaribisha.

"Iache hivi hivi, kaka," akasema. "Kule hawajaizoea ile nyingine."