Waya wa Mama Tumpe

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, ulimi wangu ulimhamisha mtu kijijini. Wakubwa wenzangu wakinisikia nikisema hivi hunibembeleza, ati mtoto hana kosa. Hapo ndipo ninapokasirika. Kosa nililifanya, ila sikulifanya peke yangu, na niliolifanya nao hawakuwa watoto.

Nilikaa na bibi yangu mzaa baba, upande wa juu wa Nyololo, mahali ambapo upepo hushuka kutoka msitu wa misindano kama una ugomvi na watu. Kwetu wingu jeusi likianza kunguruma, kila nyumba ilitupa shoka uani, makali yakitazama juu, lipasue mvua ya mawe kabla haijashuka. Mimi sikuwahi kuliona limepasua chochote zaidi ya kuni. Lakini mtu asiyetupa shoka alihesabiwa kuwa haogopi, na asiyeogopa, walisema, anamjua anayeituma mvua.

Mama Tumpe hakutupa shoka. Alikuwa Mnyakyusa, mtu wa kuja kijijini, mjane wa fundi seremala, na binti yake Tumpe alikuwa rafiki yangu, tulikaa dawati moja. Likizo moja mama huyo alitupandisha darini kwao sisi wawili tumsaidie kupitisha waya wa kufungia nondo. Tulifunga bati kwenye papi, zile mbao zinazolibeba, papi kwenye kenchi, kenchi kwenye ukuta, kila mahali palipokutana mbao mbili.

"Msumari unang'oka," alituambia. "Waya ukifungwa vizuri, upepo ukitaka bati uchukue na ukuta."

Nilirudi nyumbani vidole vimechanika. Bibi aliviosha kwa maji ya chumvi akaniuliza nimefanya nini, nikamweleza yote, waya, kenchi na papi. Nasisitiza kwamba nilimweleza.

Miezi michache baadaye, mchana, tukiwa tunamenya viazi, giza likaingia. Bibi alirusha shoka lake uani kabla hata ya kuanua nguo. Mawe yakaanza, kisha ukaja upepo ambao sijauona tena mpaka nimekuwa mtu mzima. Bati la kwanza lilipong'oka, Bibi alinisukuma chini ya kitanda, akanilalia kwa uzito wake wote, akasali Baba Yetu haraka haraka, akifika mwisho anaanza upya. Upepo ulipotulia, tulitoka uvunguni tukaona mawingu kutoka chumbani kwetu. Uani shoka lilikuwa palepale, makali juu, limezungukwa na barafu.

Bibi alinituma nikawaangalie kina Tumpe kama wako hai. Nilikimbia peku juu ya mawe ya barafu, nalia njia nzima, kwa sababu kila nyumba niliyoipita haikuwa na paa. Kwao nikakuta moshi unatoka jikoni. Paa lilikuwa zima. Tumpe alinirukia shingoni, mama yake akanipa kiazi cha moto mkononi, akanirudisha mbio.

"Waambie waje walale hapa," alisema. "Waanze wenye watoto wachanga. Tutabanana."

Watu walikuwa wamekusanyika kwa balozi wetu wa nyumba kumi, wamelowa, wanatetemeka. Nilifika nimejaa furaha, na furaha ndiyo iliyoniponza. Badala ya kuanza na nilichotumwa, nikaanza na nilichokiona. Nikapaza sauti kwamba kwa kina Tumpe hakuna hata bati moja lililotoka, na shoka hawakutupa.

 Balozi akainama mpaka uso wake ukafika usawa wa wangu.

"Hawakutupa shoka?"

"Hawakutupa."

"Umeona kwa macho yako?"

Nikasema ndiyo. Nilijisikia mtu mkubwa kuulizwa na balozi mbele za watu. Nilipokumbuka kusema kwamba wanaitwa wakalale kule, hakuna aliyenisikiliza. Usiku ule watoto wachanga walilala kwenye nyumba zisizo na paa, hatua mia mbili kutoka mahali pakavu.

Nilimwambia Bibi ni waya, nikamwonyesha makovu aliyoyaosha mwenyewe. Akaniambia ninyamaze, maneno ya wakubwa siyawezi. Siku ile nilidhani haelewi. Alielewa. Aliogopa kusimama upande mmoja na mtu wa kuja, basi. Nilimpenda bibi yangu na nilimzika kwa heshima zote, lakini hilo sijamsamehe.

Tangu hapo Mama Tumpe alisalimia kamwene njiani, hakuna aliyeitikia. Kisimani walimpisha kama mwenye ukoma. Balozi alizunguka akisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, methali ambayo mpaka leo mtu akiitamka mbele yangu nabadilisha njia. Wiki mbili hazikuisha, mama yule akaita lori.

Mabati alikuwa ameyanunua yeye, akaamua kuyachukua. Ila hakuweza kuyatoa mpaka akate waya. Alikaa juu ya paa na koleo tangu asubuhi hadi saa nane, akikata kifundo kimoja kimoja, na kijiji kizima kilisimama kikitazama. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Uongo mtupu. Macho yalikuwepo, waya ulikuwepo, na hakuna aliyefungua mdomo. Mimi pia nilikuwepo, nimeshikwa mkono na Bibi. Tumpe alipita karibu yangu akapanda lori bila kunitazama.

Lori lilipoondoka, balozi aliviokota vile vipande vya waya, akavinyoosha kwa nyundo. Paa lake jipya alilifungia hivyo hivyo.

Leo ninaishi Iyunga, na Tumpe anaishi Kihesa. Tulikutana ukubwani kwenye mkutano wa kwaya, tukakumbatiana, tukalia, na ya Nyololo hatukuyagusa. Mwezi uliopita upepo wenye mvua ya mawe ulipita mtaani kwetu na kubeba mapaa kumi na zaidi. Hata sijamaliza kufagia barafu mlangoni, simu ikaita. Ni yeye, amesikia redioni, anataka kujua kama tuko hai.

"Tuko hai," nikamwambia.

"Bati je?"

"Zote zipo."

Akashusha sauti. "Basi usimwambie mtu."

Nilidhani anatania, nikacheka. Yeye hakucheka. Miaka yote hii, rafiki yangu amekuwa akiogopa paa zima.

Nilikata simu kwa hasira, nikatoka barabarani, nikawaita majirani waje walale kwangu, waanze wenye watoto wachanga. Wakaja. Jirani mmoja, baba mtu mzima, alisimama getini akiangalia juu, kisha akaniangalia mimi.

"Mama, kwako imekuwaje?" akauliza. Niliijua sauti ile, ndivyo balozi alivyoniuliza.

Nikaleta ngazi, nikaiegemeza ukutani, nikamwambia apande. Akapanda mpaka penye vifundo vya waya. Nikaishika kwa mikono miwili, nikamwambia hashuki mpaka aseme kwa sauti, watu wote wasikie, ameona nini.