Nahodha Asiyekimbizwa

Mchoraji wetu hulamba ncha ya brashi kabla ya kuichovya kwenye wino, ndiyo maana midomo yake haikosi doa jeusi. Chumba chetu kiko juu ya duka la mikate, huku Boyle Heights, mtaa wa Marekani wenye Walatino wengi, wahamiaji kutoka kusini mwa mpaka na watoto wao, naye hugombana na karatasi kutwa nzima: "Kaa vizuri wewe, mbona pua imekupinda?" Vidole vyake ni vinene, lakini huvuta mstari mrefu bila kuinua mkono, kisha hushusha pumzi kama aliyetua mzigo. Katika kitabu chetu cha hadithi za picha, za Walatino wa karne zijazo, alimchora bibi wa nywele za kusuka akiongoza chombo cha anga kwenda sayari ya Zohali, sufuria ya tamale za unga wa mahindi ikitokota nyuma yake.

Siku moja mhariri wa kampuni ya uchapishaji alipanda chumbani kwetu, akazipekua kurasa akitabasamu. "Kazi safi. Ila huyu nahodha hana shida yoyote. Mpeni ukuta wa mpakani wa kuruka, na polisi wa kumfukuza. Wasomaji ndivyo wanavyowajua ninyi."

"Miaka mia tatu ijayo, bwana, bado tunakimbizwa tu?" mchoraji akauliza.

"Ndiyo inayouzika, dada."

"Mimi si dada yako! Mama yangu alikimbizwa. Mimi nimekimbizwa. Huyu hakimbizwi na mtu!"

Akazikusanya kurasa zake. Nereida, mwandishi mwenzetu, akachukua zake. Nami nikachukua zangu.

"Sasa mtachapisha wapi?" mhariri akauliza.

"Bado hatujui," mchoraji akajibu, akimfungulia mlango. "Wewe shuka polepole tu. Ngazi zetu ni kali."