Gonga Tanki Kwanza

Nakumbuka asubuhi ile niliyomfukuza Mama Furaha kwenye robine yangu, bomba la kuchotea maji, mwanangu, na mpaka leo masikio yananiwaka moto. Cheka tu. Hata mimi leo nacheka, lakini siku ile sikucheka hata kidogo, kwa sababu Mama Furaha njo alikuwa mama wa binti niliyetaka kuoa, na mahari ilikuwa ipelekwe Jumamosi iliyofuata.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Nilikuwa kijana, nimetoka kuchimba dhahabu kule Omate, na badala ya kununua viatu vya kung'aa kama wenzangu, nikachimbisha kisima hapa Kingi, kwenye kiwanja cha baba. Nikaweka pompe ya kuvuta maji, grupe ya kuipa umeme, na tanki la presha, lile la chuma ambalo ndani yake mna mpira na hewa. Hewa njo inasukuma maji yafike kwenye robine wakati pompe imepumzika. Weee! Kijiji kizima kilikuja kushangaa. Na kwa kuwa kwetu maji hayanyimwi jirani, kila asubuhi wamama walipanga mstari na bidon zao, madumu ya maji, mimi natembea katikati yao kifua mbele.

Ikaenda hivyo misimu kadhaa ya maharagwe. Halafu pompe ikaanza tabia mpya. Zamani iliwaka, ikajaza tanki, ikanyamaza, na mtu alijaza bidon nzima kabla haijawaka tena. Sasa hata ukichota kikombe kimoja: tak, inawaka, tak, inazima. Grupe nayo inaguna kila mara kama mgonjwa. Maji yanaruka kwa nguvu, yanalegea, yanaruka tena. Nikaongeza hewa kwa pompe ya baiskeli, ikatulia siku mbili, ikarudia yaleyale.

Mtu mwenye akili angechunguza chuma. Mimi nikachunguza watu! Nikajiambia hawa wamama wanachota mno, wanachosha pompe yangu. Na mwenye bidon nyingi kuliko wote alikuwa Mama Furaha, maana alimchotea pia bibi mzee jirani yake. Nikamwambia mbele ya wote, "Mama, wewe njo unaniharibia pompe. Usirudi tena hapa."

Akamwaga hata maji aliyokuwa amekwisha kuchota, bidon moja baada ya nyingine, akapanda kilima na vyombo vitupu. Nami nikafunga robine kwa kufuli. Kufuli, mwanangu! Jioni Furaha, mchumba wangu, akanitumia neno: mama amesema Jumamosi tusijisumbue kuja.

Kesho yake nikamvizia Papa Kasereka akitoka misa. Huyo alikuwa mfanyabiashara wa upande wa Butembo, mwenye duka la pompe na vyuma hapa kwetu, na yeye njo angenisemea siku ya mahari. Nilimvuta mpaka nyumbani, nikamwaga malalamiko yangu yote. Akasikiliza, akaomba maji ya kunywa. Nikafungua kufuli, nikafungua robine. Tak, tak.

"Kijana," akasema, "ni nani iko anachota saa hii?"

"Hakuna muntu, Papa. Ni hiyo kikombe yako tu."

"Basi wamama wa watu uliwafukuzia nini?"

Akatoa funguo mfukoni, akagonga tanki chini: du. Akagonga katikati: du. Akagonga juu kabisa: du ileile. "Huku juu ingepaswa kulia tupu, njo hewa inakaa," akasema. Kisha akainama, akabonyeza kwa ukucha kile kidude cha kuwekea hewa. Badala ya hewa yakaruka maji, pwaa, mpaka kwenye shati lake jeupe la misa. Nilitaka ardhi inimeze. Papa Kasereka akacheka mpaka akashika magoti.

"Mupira imepasuka," akasema akijifuta uso. "Hii tanki imekufa, haina dawa tena. Ukiiacha hivi, pompe nayo itaungua. Lakini tanki nitakuletea. Ile aibu ulimupa mama wa watu, dawa yake siuzi kwa duka yangu. Panda kilima mwenyewe."

Tanki jipya lilifika Alhamisi kwa kamioneti yake, tukalifunga, pompe ikatulia. Kufuli nikaitupa chooni. Halafu nikapanda kilima, nikapiga magoti mlangoni kwa Mama Furaha. Nikamwambia pompe hakuiharibu yeye, ni tanki langu lililokufa, nikamwomba anisamehe.

"Nimesikia," akasema. "Sasa uniletee maji yangu yenye nilimwaga."

Bidon sita! Na kamba kwenye kipaji cha uso, mzigo mgongoni, kama wamama wanavyobeba. Wanaume wa Kingi walitoka nje kunitazama, shingo inatetemeka, miguu inateleza kwenye udongo. Wamama wakapiga vigelegele. Furaha alisimama mlangoni akicheka mpaka machozi, na mimi, amini usiamini, nilikuwa na raha moyoni. Bidon ya sita ilipofika, Mama Furaha alinitua kwa mikono yake, akanipa kikombe cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

"Jumamosi mukuje," akasema. "Ila ile kufuli nisiione tena."

Basi mwanangu, wewe uliyeweka pompe nyumbani juzi, nisikilize. Ikianza kuwaka na kuzima kwa kila kikombe, maji yakiruka na kulegea, usikimbilie kununua pompe, wala usimguse jirani. Gonga tanki. Bonyeza kile kidude. Ikitoka hewa kidogo tu, zima pompe, mwaga maji ya tanki, ongeza hewa, uangalie. Hewa ikikimbia tena baada ya siku chache, ao yakitoka maji, ao chuma imeoza na inadondosha, badilisha tanki usingoje. Na nyumbani fanya vilevile: kabla hujapandisha sauti kwa mtu, chunguza kwanza. Mpaka leo nikipiga kelele kwamba kuna mtu amechukua miwani yangu, mke wangu Furaha anajibu toka jikoni, "Papa, gonga tanki kwanza," na mimi napapasa kichwa, naikuta palepale.

Nenda sasa. Mungu akupe kisima chenye maji mwaka mzima, na majirani wasioogopa kufika na bidon zao. Na siku utakapokosea, akupe mama mkwe kama wangu, na shingo ya kubeba zote sita.