Mdogo wangu alianguka kifafa mbele ya wakwe, wakakaa kusubiri mizimu iongee

Wakuu, mwangaluka. Nipo Bariadi mjini, na ninayemsimulia ni mdogo wangu wa damu, sina sababu ya kumtungia uongo.

Kwenye muvi zetu mwenye kifafa ana kazi mbili: kutoa povu, halafu kutoa siri za ukoo kwa sauti ya babu aliyekufa. Muziki wa kutisha, mtumishi anakemea, kesho yake mgonjwa anafua nguo, mzima kabisa.

Hospitali haionekani. Nadhani bajeti huwa imeishia kwenye povu.

Sasa huyu mdogo wangu, Minza, ana kifafa tangu shule ya msingi. Anameza vidonge, analima pamba, na ana mdomo kuliko sisi wote. Akapata mchumba wa kule Sola, Masanja.

Masanja alishaambiwa, ila hajawahi kuona. Kwao hawakujua. Mama akasema tutawaambia siku wakija.

Wakaja nyumbani Mwamapalala, nami nikaenda kuwapokea. Minza akatoka na maji ya kunawa, akapiga magoti kusalimia, akaanguka hapohapo. Jagi likaenda zake.

Nikamgeuza ubavu, mama akamwekea kanga chini ya kichwa. Masanja kaganda. Mjomba wake akaja mbio na kijiko amtie mdomoni, nikamwomba akirudishe kwenye wali.

Aliyenimaliza ni shangazi yake Masanja. Kanyanyua mkono: "Tulieni! Wanataka kuongea."

Wazee wazima wakavua kofia. Kimya. Hata kuku walinyamaza, sijui nao walishaiona hiyo muvi.

Minza akazinduka, akatazama watu, akasema, "Nina kiu."

"Mababu wana kiu," shangazi akatafsiri. Pombe ikaagizwa.

Wakuu, hapo ndo wakampenda! Mkwe mwenye mizimu ni heshima kwa ukoo. Sharti lao moja tu: aache vidonge, maana vinawafunga mababu midomo.

Mama akanitazama, yaani nikubali tu, mengine tutajua mbele ya safari. Roho iliniuma. Simlaumu, alitaka binti yake aolewe.

Minza akajibu mwenyewe, bado ana udongo shavuni.

"Shangazi, mimi naumwa kifafa. Hakuna babu humu. Nikiacha dawa nitaangukia kwenye moto. Anayenioa, aoe na vidonge vyangu."

Wakanyanyuka, wakaondoka. Mizimu waliitaka, ugonjwa hawakuutaka. Minza alilia sana, na mimi nilikuwa na hasira.

Siku chache baadaye Masanja akanifuata Bariadi, peke yake na baiskeli. Nikajua kaja kuvunja uchumba kistaarabu. Nikampa kiti, akakataa.

"Shemeji, akianguka tukiwa wawili tu, namshika wapi?"

"Humshiki kwa nguvu. Ondoa vitu vya kumuumiza, mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni, kaa naye mpaka azinduke. Ikizidi dakika tano, mkimbize hospitali."

Akaomba nirudie taratibu. Nikarudia, huku yeye anafuatisha kwa midomo kama mtoto anayejifunza sala.

Funzo langu: kifafa kinatibiwa, na kwenye muvi huwa hawatuonyeshi anayebaki amekaa chini na mgonjwa. Watunga muvi mliomo humu, hiyo sini ya baiskeli nimewapa bure.

Wenye ndugu anayeanguka, tupeni uzoefu. Mnaishije naye, dawa mnamkumbushaje?

Masanja yupo humu anasoma, mjibuni vizuri.