Mto wa Chiriku

Mtaa mzima ulimwita Bi Mito, na jina lilimkaa. Alikuwa akishona mito ya sufi tangu mumewe yu hai, na ukimwambia mto wa dukani ni laini alikutazama kama umemtukania marehemu. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa kiwanda: magunia ya sufi yamegusa dari, mkeka wa kuchambulia mbegu, sindano ndefu imechomekwa kwenye pazia. Sufi nyepesi ile, ukipiga chafya inahama chumba. Mwenyewe alishaizoea. Ikimwingia mdomoni aliitema, akaendelea kushona.

Mjukuu alikuwa naye mmoja tu, wa kike, mdomo haufungiki, ndiyo maana akamwita Chiriku. Kila mwisho wa juma aliletwa kulala kwa bibi. Siku hizo ndizo Bi Mito aliziishi; zilizobaki alizisukuma tu ziishe.

Basi mtoto akaanza kubanwa kifua. Kwao mzima, akitoka kwa bibi macho yamevimba, pua inachuruzika, kifua kinalia kama bawaba kavu. Mkwe akaja peke yake, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mama, daktari anasema ni mzio. Manyoya ya paka, ukungu wa ukutani, vumbi la zulia." Akayatupia jicho magunia. "Na sufi. Ikikaa sana inaingia vijidudu, havionekani kwa macho."

"Havionekani?"

"Havionekani, mama."

"Sasa yeye kavionaje?"

"Wana vipimo vyao."

"Mumeo kalala kwenye sufi hii hii tangu alipozaliwa. Shingo nene ile unadhani kaipata kwa vipimo?"

Mkwe hakucheka. "Tena usifagie kavu, mama. Fagio linalirusha vumbi, halafu linarudi. Futa kwa kitambaa kibichi."

"Kumbe hata kufagia sijui."

"Sijasema wewe mchafu."

"Ungelisema tu, ukapumua."

Mkwe akasimama. "Mpaka nyumba ikae sawa, Chiriku hatalala hapa."

Bi Mito akanuna. Juma likapita, na jingine, na jingine, nyumba kimya, anasikia hadi uzi ukipita kwenye kitambaa. Kisha bila kumwambia mtu akaanza. Magunia akayahamishia kibanda cha uani. Zulia akalikunja, akampa seremala. Paka wake akapelekwa kwa muuza nyama. Akaondoka bila kuaga, mnafiki yule, kaona pa kula. Ukutani akaziba bomba lililovuja, akakwangua ukungu, akapaka chokaa. Mashuka akayafua kwa maji ya moto mpaka vidole vikawa vyekundu. Godoro akalivisha mfuko wa kufunga kwa zipu. Sakafu akaifuta kwa kitambaa kibichi, amepiga magoti, na magoti yakimsema.

Ukabaki mto. Akaenda dukani kununua wa sponji, Bi Mito huyo, akaufunika kwa mtandio asionekane njiani, kama mwizi wa kuku.

Lakini Chiriku alikuwa na mto wake. Bibi aliushona mtoto alipozaliwa, sufi imechambuliwa mbegu moja moja, pembeni kadarizi ndege mdogo. Akaushika, akauweka, akaushika tena. Huu umetoka kwenye vidole vyangu, akawaza, utamdhuru vipi damu yangu? Akaifua foronya yake, mto akauanika juani, kisha akalitoa sponji kwenye foronya yake ya dukani, akaushindilia ule wa ndege humo ndani.

Mkwe alipokuja alipitisha kidole juu ya kabati. Kikatoka safi. Akanusa pazia. Akazunguka chumba kizima, kisha akamshika mkono.

"Umefanya kazi, mama. Nisamehe nilivyosema."

Bi Mito akalimeza neno lile polepole kama chai tamu. Mkwe akaenda sokoni, mtoto akapanda kitandani kwa usingizi wa mchana.

"Bibi, huu si wa dukani. Unanukia wewe."

"Lala."

"Ndege yuko ndani?"

"Yuko. Lala, na usimwambie mama yako."

Mtoto aliamka anakohoa, kisha hakukohoa tena, akawa anavuta tu, mbavu zinaingia ndani, midomo imebadilika rangi. Bi Mito akatoka naye mbio, miguu mitupu. Fundi cherehani wa jirani ndiye aliyewapakia garini mpaka hospitali.

Mtoto alipona. Wazazi walimkuta kafunikwa pua na mdomo, anavutishwa dawa, bibi kasimama ukutani.

"Mama," mkwe akauliza, "kuna kitu gani mle sikukiona?"

Chiriku ndiye aliyekivuta kile kifuniko pembeni.

"Msimgombeze bibi. Mto wenye ndege ulikuwa mzuri."

Hakuna aliyegombeza, na hilo ndilo lililomuuma Bi Mito. Mwanawe alisema taratibu tu, kama anazungumza na mpangaji: "Utamwona kwetu, mama. Ukija, oga kwanza, ubadili nguo."

Sasa huenda. Mlangoni hupewa gauni la mkwe, linambana makwapa, na kiti cha plastiki. Chiriku amekua, maneno yamempungua, humsalimia bibi kwa mbali. Kwa Bi Mito, sakafu hufutwa kila asubuhi kwa kitambaa kibichi. Hakuna nyumba safi kama ile mtaani, na hakuna wa kulala humo.

Mito hushonea uani. Ukimuuliza, mpaka kesho hakubali kwamba ulikuwa mto. Atakuambia ni hewa ya siku ile. Juzi akaja jirani, ana mimba kubwa, akataka mto wa mtoto, na ndege pembeni.

"Wa mtoto sishoni."

"Bi Mito! Tangu lini?"

"Nenda dukani kanunue."

"Wewe wa kunituma mimi dukani?"

"Nimesema nenda," akajibu, akainamia sindano yake.