Kamera Yangu Ilikuwa Inachelewa

Niliinunua kwa mtu aliyetandika vitu vyake kando ya barabara kule Yeoville, Johannesburg, katikati ya chaja za simu na viatu vya mguu mmoja mmoja. Ilikuwa kamera ya dijitali ya rangi ya fedha, ndogo kama kipande cha sabuni, ya aina ile ya bei ya chini kabisa ambayo mwenye duka haifungii hata kwenye kabati la kioo. Kifuniko cha betri kilikataa kufunga, nikakishikiza kwa plasta ya kidonda. Ukiiwasha, lenzi ilitoka na mlio kama panya aliyekanyagwa. Nikaipenda palepale.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kulinda magari nje ya supamaketi. Nilisimama na kizibao changu cha rangi kali nikiwapungia madereva mkono: rudi, rudi, simama. Shule niliiacha njiani. Lakini kichwani nilikuwa na studio yangu, ina kiti chekundu, pazia lenye maporomoko ya maji na kibao mlangoni. Kamera hii ndiyo ilikuwa tofali la kwanza.

Simu yangu kioo kilikuwa kimepasuka, haipigi picha ya maana. Na hata ingepiga, kwa watu wetu simu ni simu tu. Ukitoa kamera, mama wa watu anarekebisha kitenge, baba anaingiza tumbo ndani. Unakuwa fundi.

Ubaya wake ulikuwa mmoja, lakini mkubwa: ilikuwa inachelewa. Unabonyeza, inafikiri kwanza, ndipo inapiga. Ukimpiga mtu anayecheka, unapata mtu aliyekwisha kucheka. Basi nikajifunza kuwagandisha watu. "Simama hapo. Usipumue. Bado... bado... haya, pumua." Ndiyo maana katika picha zangu zote watu wamekaa kama wanangoja majibu ya daktari.

Tuliishi Bellevue, katika nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba kwa mbao. Nyuma ya mbao yangu aliishi msusi mmoja kutoka Uvira. Mimi ni wa Bukavu, hatukuwa na undugu wowote, lakini nilimwita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu, na yeye kila akipika bugali aliigonga ile mbao kwa mwiko kuniita nile. Yaya alikuwa na pengo kati ya meno ya mbele, kovu dogo juu ya jicho, na mtoto wa kike aliyemwacha kwa mama yake Uvira kabla hajajua kusema.

Simu ya yule bibi, mama yake yaya, ilikuwa ile ndogo ya tochi, haionyeshi picha. Kwa hiyo picha zilisafishwa dukani, zikaenda mkononi mwa msafiri yeyote aliyekuwa anarudi kule.

"Mimi nataka kitu kimoja tu," yaya aliniambia. "Siku mutoto atashuka kwa bus, asiulize mutu. Anione, akimbie, aseme mama. Basi."

Picha zote nilizompiga zilikuwa kwa ajili ya siku hiyo.

Tulikuwa tukipiga Jumapili baada ya ibada. Yaya aliazima wigi la saluni, refu mpaka mgongoni, alilotakiwa kulirudisha Jumatatu kabla bosi hajafika. Miwani myeusi ilikuwa ya rafiki yake. Gari lilikuwa la mtu yeyote aliyeliegesha vizuri. Tulipenda sana ukuta mweupe wa nyumba ya kona, wenye maua ya zambarau, ila mbwa wa ndani hakutupenda.

"Eish, leo kuna harusi ya nani?" jirani alitupigia kelele kutoka dirishani.

"Yangu! Na wewe hujaalikwa!" yaya alimjibu.

"Yaya, tulia. Funga mdomo kidogo, pengo linaonekana."

"Pengo langu linakukosea nini, wewe? Mahari yangu ilitoka na hili pengo!"

Lakini aliufunga. Siku zote aliufunga nilipomwambia.

Halafu nikagundua, peke yangu, bila kufundishwa na mtu, kwamba ndani ya kamera kuna alama ya uso wenye nyota. Ukiichagua, ngozi inakuwa laini na nyeupe-nyeupe kama ya mtu wa kwenye tangazo la mafuta. Nikampiga yaya kwa nyota. Kovu likaondoka. Akaishika kamera karibu na pua.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, yaya."

"Kumbe niko muzuri hivi, na mnanyamaza tu!"

Kuanzia hapo hatukupiga tena bila nyota. Nilijiona bingwa.

Mara moja bibi alisema neno juu ya picha hizo. Yaya alikuwa amefungua spika ya simu, tunachambua sombe, majani ya muhogo, na sauti ya mama yake ikaingia chumbani ikikatika-katika: "Picha zimefika. Mutoto analala nazo. Lakini tuma moja ya kitambaa kichwani, vile uko nyumbani. Huyu madame hata mimi simujue vizuri."

"Mama, hapa ni Joburg! Hapa hatupige picha na kitambaa!"

Tulicheka mpaka sombe ikamwagika. Ni sasa ndiyo nakumbuka kwamba bibi hakucheka.

Na ile picha ya kitambaa tuliwahi kuwa nayo. Siku moja nilimpitia saluni nikamkuta amekaa kwenye ngazi anakula hindi la kuchoma, kitambaa kichwani, vipande vya nywele za wateja vimejaa kwenye sweta, anamtania mtu upande wa pili wa barabara. Nikabonyeza bila kumwambia. Sijui ilikuwaje, lakini siku hiyo kamera haikuchelewa. Mdomo wazi, pengo lote, punje ya hindi kwenye kidevu, jicho moja limefumba kwa kucheka. Alikuwa yeye kama ninavyomjua mimi, jirani wa nyuma ya mbao.

"Futa! Wee, futa! Nafanana na mwizi wa mahindi."

"Yaya, imetoka vizuri."

"Nionyeshe pa kufuta."

Nikamwonyesha kitufe chenye alama ya pipa la taka. Akabonyeza mwenyewe, akaendelea kula. Memori kadi ilikuwa imejaa pia, nikajifariji kwa hilo.

Mtoto alikuja na mama mmoja wa kanisa letu aliyekuwa anarudi kutoka Uvira. Tulijua basi litafika usiku. Yaya alikuwa amepanga kila kitu: wigi, gauni, hata rangi ya mdomo. Lakini Jumamosi mchana, saluni imejaa, yule mama akapiga simu: wameshaingia mjini. Yaya aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, akanipigia niende. Nilimkuta Park Station, kituo kikuu cha mabasi, anahema, na kitambaa chake na sweta lake lenye nywele za watu.

"Uko na kamera?"

"Iko tayari."

"Piga vile ananikimbilia."

Mtoto alishuka na koti kubwa la kijani, bahasha ya plastiki yenye zile picha kifuani. Yaya akachuchumaa akafungua mikono. Nikabonyeza.

Mtoto alimtazama. Nasema alimtazama kabisa, usoni. Halafu akatazama nyuma ya yaya. Pale alikuwa amesimama na sanduku lake mwanamke mmoja, wa watu wengine kabisa, nywele ndefu, miwani myeusi. Mtoto akampita yaya, akaenda kwa yule, akamshika gauni.

"Mama yako ni huyu hapa," yule mama wa kanisa alimvuta.

"Hapana. Mama yangu ni ule wa picha."

Mwanamke mwenye miwani alicheka kwa aibu, akasema pole kwa Kiingereza, akaondoka na sanduku lake. Yaya alikuwa bado amechuchumaa. Mikono alikuwa hajaishusha.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Mtoto alilala ameupa ukuta uso, bahasha chini ya mto. Siku moja nikibadilisha betri akaniuliza, kwa adabu zote, "Kaka, ule mama wa nywele ndefu atakuja siku gani?" Yaya alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Akageuka akaenda kuzianika.

Kesho yake yaya alirudi na lile wigi la saluni. Akalivaa mbele ya mtoto, akavaa miwani, akafunga mdomo kama nilivyomfundisha. Mtoto akasimama. Uso ukamfunguka, jamani, nilikuwa sijauona ukifunguka hivyo. Ndipo yaya akalivua wigi polepole, amwonyeshe kwamba ni mtu mmoja. Mtoto akalia kama amenyang'anywa. Mimi nikatoka nje nikaenda kusimama karibu na bomba, kamera imenijaa mfukoni, na nilitamani kuwa nayo ile picha ya hindi. Zote za ukuta mweupe ningezitoa kwa ile moja.

Mtoto alikuja kuzoea. Siku hizi anamtania yaya pengo, anamsahihisha Kizulu chake, anamwita mama hata akiwa bado mbali na geti. Nashukuru. Lakini kile alichokiomba yaya, mtoto ashuke akimbie bila kuuliza, kinatokea mara moja tu, na kwake kimeshapita.

Picha ya kituoni niliificha. Sikuwa na moyo wa kuifuta wala wa kuitazama. Majuzi mtoto aliichukua kamera akawa anacheza na mishale, akaifikia.

"Mama huyu!" Hakusita hata kidogo.

Yaya akaja akijifuta mikono. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona. Kamera ilikuwa imechelewa, kama kawaida yake: mbele kuna mgongo wa koti la kijani linaloenda pembeni, na nyuma yake yaya, kitambaa, sweta chafu, kovu, bado anacheka kwa sababu alikuwa hajaelewa. Nyota sikuwa nimeiweka.

"Na huyu ni mimi, koti yangu," mtoto alisema. Akafikiri. "Sasa mbona naenda kule?"

Nilitazama sakafu.

"Ulikuwa unanitafuta," yaya alimwambia.

Mtoto akakubali, akabonyeza mshale kwenda picha nyingine. Yaya akanyoosha kidole, akairudisha.